Ofisi imefunga, gari imekufa porini: dereva ampigie nani?

Swali limetoka kwa dereva mmoja wa Mlowo, naliweka kwa kifupi: "Shikamoo mkuu. Naendesha semi, kampuni ya gari 14, Dar kwenda Lubumbashi. Ofisi yetu inafunga saa 11 jioni, Jumamosi saa 7 mchana, Jumapili hakuna mtu. Wiki mbili zilizopita nilikata senta bolti ya springi pale Nyololo, kabla ya Makambako, ilikuwa saa 3 usiku. Mtu wa operesheni nampigia hapokei, bosi simu imezimwa. Tukalala pale mimi na utingo mpaka saa 4 asubuhi ndo wakanijibu, gari ikatengenezwa tukaondoka mchana tumefurahi. Kumbe usiku tumenyonywa mafuta, sasa ofisi inasema watanikata mshahara. Nifanyeje ili usiku nipate msaada? Na je wana haki ya kunikata? Na utingo aliweka mawe na majani barabarani sababu triango moja ya tahadhari ilikuwa imevunjika, trafiki alivyokuja akatufokea, tulikosea?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Baridi ya Nyololo naijua, ukilala kwenye kichwa bila blanketi la maana unaamka vidole havishiki usukani. Mimi njia hiyo nimeiendesha miaka 9, alafu goti likagoma nikahamia ofisini, meza ya operesheni nimekaa miaka 11, kwahiyo hizo simu za saa 3 usiku nimezipiga na nimezipokea, na nyingine, nisikudanganye, nimeziona zinaita nikageukia ukutani nikalala. Mambo ya mshahara nitayafikia, ila tuanze na simu, maana hata mshahara wako umeanzia kwenye simu.

Madereva wengi mnadhani shida ni kwamba mtu wa operesheni hapokei. Hapana. Shida ni kwamba hata akipokea hana anachoweza kuamua, na hiyo ndo inamfanya asipokee. Hebu mwangalie vizuri. Kampuni ya gari 14 mtu wa operesheni ni mmoja, mshahara wake ni wa kuingia saa 2 asubuhi kutoka saa 11 jioni, simu ni yake, vocha ni yake, na usiku anakaa na wanawe kama watu wengine. Unampigia saa 3 unamwambia fundi anataka laki mbili na nusu. Hela anashika mhasibu, mhasibu hatoi bila neno la bosi, na bosi kazima simu. Sasa atakwambia nini zaidi ya "vumilia mpaka asubuhi"? Akishalisema hilo neno mara kumi anaona hakuna haja ya kuamka kitandani kusema kitu ambacho hata wewe unakijua, basi simu inawekwa saileti. Na ongeza na wale wenzetu wanaopiga saa 5 usiku kuuliza posho mbona haijaingia. Simu yako ya senta bolti inaonekana kwenye kioo sawasawa na simu ya posho, huyu aliyelala atajuaje?

Kwahiyo msaada wa usiku unautafuta mchana, gari ikiwa bado yadi. Siku unapewa nyaraka za safari, kabla hujachukua mafuta, muulize mtu wa operesheni mambo matatu na uyapate kwa meseji, sio kwa mdomo. Usiku ninampigia nani, jina na namba, na asipopokea ninampigia nani wa pili. Gari ikileta shida ninaruhusiwa kutumia shilingi ngapi bila kumuuliza mtu, alafu nilete risiti. Na hela hiyo nitaitoa wapi, nimeishika mimi au kuna mtu atanirushia kwenye simu. Hilo la katikati ndo lenye uzito kuliko yote. Dereva mwenye ruhusa ya laki tatu mfukoni matatizo mengi ya usiku anayamaliza mwenyewe na fundi wa Makambako, operesheni anakuta tu meseji asubuhi na picha ya risiti. Dereva asiye na ruhusa hata ya elfu ishirini lazima aamshe mtu, na huyo mtu lazima aamshe mwingine.

Hili nimejifunza kwa aibu. Kuna mwaka nilikuwa operesheni kampuni moja, siitaji, usiku wa kuamkia Krismasi simu nimeiacha sebuleni kwenye chaji. Naamka nakuta simu 17 za dereva mmoja yuko mbele ya Mpika huko Zambia, paipu ya upepo imepasuka, breki zimejifunga gari haisogei. Fundi alikuwepo, paipu ilikuwepo, kilichokosekana ni kwacha chache ambazo ukizibadili hazifiki hata bei ya tairi chakavu. Lakini dereva hakuwa na ruhusa ya kugusa hela ya boda, yaani ya kulipia mpakani, anaogopa akifika aambiwe kaila. Tarehe 25 sikukuu, 26 sikukuu, mhasibu kaenda kwao Same, gari imekaa siku mbili na mteja wa Kitwe anatutukana. Baada ya pale bosi mwenyewe, bila mimi kumwomba, akaweka kiwango cha dharura kwa kila gari, na kitu kilichonishangaza ni kwamba simu za usiku zilipungua sana, sio sababu gari ziliacha kuharibika, ni sababu madereva hawakuwa tena na cha kuniomba.

Haya, tuseme umepata namba na kiwango, na tatizo limezidi kiwango, lazima umwamshe mtu. Hapa ndo madereva tunakosea wengi, mimi nikiwemo zamani. Unapiga, hapokei, unapiga tena, hapokei, unaacha sauti ya dakika tatu WhatsApp imejaa upepo na makelele ya malori yanayopita, "bosi hapa hali mbaya, gari imegoma, tunafanyaje". Mtu akiamka saa 8 usiku kwenda msalani akaona hiyo, hajui uko wapi, hajui kuna nini, hajui anatakiwa afanye nini, atarudi kulala. Mwandikie kitu ambacho mtu mwenye usingizi anaweza kukijibu kwa neno moja. Kwa mfano wako ningeandika hivi: "Gari namba fulani, senta bolti springi ya nyuma kushoto imekatika, nipo Nyololo upande wa kwenda Makambako, gari iko nje ya lami, mzigo salama, siili ya mzigo salama, hakuna aliyeumia. Fundi wa Makambako anakuja kwa 180,000 pamoja na bolti. Nijibu NDIYO nimwite sasa, au HAPANA nisubiri asubuhi. Muda ni saa 3:20 usiku." Umemaliza. Hata aliye nusu usingizi anaweza kuandika NDIYO. Na akiandika HAPANA napo umepona, maana sasa kulala pale porini ni uamuzi wa ofisi na upo kwenye maandishi, utaona huko chini faida yake.

Tuma kwa meseji ya kawaida pia, sio WhatsApp peke yake. Kuna sehemu kati ya Ruaha Mbuyuni na Kitonga, na kule Zambia kati ya Mpika na Serenje ndo usiseme, data inakata kabisa ila meseji ya kawaida inajipenyeza. Na mahali ulipo usiseme "karibu na Makambako", maana hiyo karibu inaweza kuwa kilomita 30, fundi wa watu anaweza kupita gizani akakuacha. Tafuta jiwe la kilomita la barabarani, au taja kijiji na kitu kinachoonekana, kituo cha mafuta, shule, daraja. Kama data ipo tuma lokesheni. Usitegemee kwamba "GPS si wanaiona ofisini", ile kompyuta ya trakingi saa 11 jioni inazimwa na mtu anaondoka na funguo.

Halafu kuna hili la saa, watu wanalidharau lakini limeniletea matatizo ya kweli. Sisi tukisema saa 3 tunaweza kumaanisha usiku au asubuhi, na mtoto wa ofisini aliyezoea saa za kompyuta ukimwandikia "natoka saa 3" anaelewa saa 9 usiku. Andika usiku, asubuhi, mchana, kila mara. Na ukishavuka Tunduma kuingia Nakonde saa inarudi nyuma moja, Zambia yote na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Maana yake ofisi ya Dar inayofunga saa 11 jioni, kwako ukiwa Ndola au Kasumbalesa, boda ya kuingia Kongo, imefunga saa 10. Nimeona dereva anajipa moyo "bado nina nusu saa nitapiga nikishamaliza kula" kumbe watu wameshapanda daladala. Ukiwa upande ule kama una jambo la ofisi, nyaraka, hela ya boda, ejenti haonekani, limalize kabla ya saa 9 alasiri ya huko, na Ijumaa ndo kabisa. Asubuhi ni kinyume chake, wewe ukiwa kwenye saa 1 wao Dar tayari ni saa 2 wameingia kazini, hiyo ndo simu yako ya kwanza ya siku na hakuna foleni.

Laini nayo. Ukinunua laini ya Zambia tuma namba mpya ofisini hapo hapo boda, na namba ya utingo pia. Nimeshamtafuta dereva siku nzima kwenye laini ya Tanzania imezimwa, na yeye kule ananilalamikia kwamba ofisi haimjali. Na upande wa hela, fundi wa usiku Zambia anataka kwacha mkononi au kwenye simu ya kule, fundi wa Kasumbalesa anataka dola, na dola ziwe safi maana yenye mkunjo au kachaniko wanaikataa. Uzuri wa Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni Kiswahili, chao kina ladha yake lakini mnaelewana, kule katikati Zambia ndo unakwama kama Kiingereza ni cha kuombea maji.

Orodha ya mafundi tengeneza mwenyewe, usisubiri ofisi. Chalinze, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, Mbalizi, Tunduma, kila kituo jina moja la fundi unayemwamini na namba yake, na kama ni wa tairi au wa springi au wa umeme. Iandike kwenye karatasi sio kwenye simu peke yake, simu ikizima chaji na umeme wa gari umekufa utalia. Ofisi nyingi orodha hiyo haina, namba za mafundi ziko kichwani kwa madereva wazee. Muulize mzee mmoja pale Mafinga anapopumzika, atakupa zote kwa chai na chapati mbili.

Sasa kuna mambo ambayo operesheni sio mtu wa kwanza kumpigia, na hapa naongea kwa ukali kidogo. Ajali yenye mtu aliyeumia, piga 112, polisi. Moto, piga 114, zimamoto. Ukishapiga huko ndo ofisi ifuate. Nimekutana na vijana wanaompigia bosi kwanza kuuliza "niseme nini" huku mtu amelala barabarani. Operesheni hana ambulensi. Majeruhi apelekwe hospitali, PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, na mambo mengine ya polisi yatafuata. Kwenye maelezo sema ulichokiona, usianze kugawa makosa pale pale, na usisaini karatasi ambayo hujaisoma. Piga picha za gari zote, alama za breki, namba za waliokuwepo.

Kama umebeba mafuta na tenki limelala, kazi yako ya kwanza ni watu wasisogee. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka watu wakaja na ndoo na madumu, likalipuka, waliokufa walizidi 100. Usiku ni hatari zaidi sababu mtu anakuja na tochi, na bodaboda imewashwa, na sigara. Na wale mnaobeba salfa kwenda migodini, ikishika moto ule moshi wake unakaba koo na unaua, usijifanye shujaa na fairekstingwisha yako ndogo, simama upande upepo unakotoka na zuia gari nyingine zisiingie kwenye moshi. Ofisi itajua baadae.

Mizani sitaongea sana. Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole, Mpemba, ukizidi uzito usiku operesheni hawezi kukusaidia lolote, hata akipokea. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ile ya 2016 ambayo kwetu ilianza kutumika Machi 2019, inasema mwisho ni tani 56 gari na mzigo wake, na ekseli nayo ina kiwango chake. Dawa ni kupima unapopakia na kupiga picha ile tiketi. Ukikwama, ni kusubiri asubuhi mwenye hela aamke.

Siili ni tofauti. Mzigo wa transiti, unaopita tu kwenda nchi nyingine, una siili (lakiri) ya TRA, watu wa mapato, na TRA wana kituo chao cha kufuatilia, kwahiyo gari yako ikisimama sehemu ya ajabu usiku kucha au ikitoka njia kwenda gereji, kuna mtu anaona na atataka maelezo. Mwombe operesheni, kabla ya safari, akwambie kampuni yenu inaripoti vipi jambo hilo nje ya saa za kazi. Na hata gari ife vipi, usikubali kuhamishia mzigo kwenye gari nyingine au kukata siili kwa neno la mtu kwenye simu saa 6 usiku, hata akiwa bosi mwenyewe. Hilo linafanyika mbele ya mtu wa forodha. Nimeona dereva kalala mahabusu kwa "nilipigiwa simu", na aliyepiga asubuhi akakana.

Twende kwenye mshahara wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kujikatia tu kwa sababu kuna hasara. Ili akukate kufidia hasara lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, awe amekupa kwa maandishi sababu ya deni, kiasi na jinsi alivyokipiga hesabu, awe amekupa nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wako. Hayo yote kwa pamoja, sio moja. Kwahiyo swali la kwanza kwako ni umesaini nini? Angalia mkataba wako, kuna kampuni wanaweka humo ndani kipengele cha makato na dereva anasaini juu ya boneti bila kusoma. Hata kama umesaini, hilo la "kosa lako" bado liko palepale. Gari imekufa, umepiga simu hazijapokelewa, ulikuwa huna hela ya fundi wala mlinzi, kosa lako hapo ni kulala? Binafsi naona una hoja nzuri, ila hoja inataka ushahidi.

Ushahidi wako ni ile historia ya simu ulizopiga, usiifute, ipige picha ya skrini leo hii kabla haijajifuta yenyewe. Kama ulitoa taarifa polisi una RB, ile namba ya taarifa yako, hiyo itunze. Kama hukwenda polisi ulikosea, mafuta yakinyonywa RB ni siku hiyo hiyo, sio wiki mbili baadae ofisi ikishaanza maneno. Na kuanzia sasa, gari ikifa usiku, piga picha ya geji ya mafuta na kilomita, na vifuniko vya tenki na siili zake kama zipo, tuma ofisini muda huo huo. Ikifika asubuhi mafuta yamepungua kila mtu anajua yalikuwa kiasi gani na wewe ulishasema. Waandikie barua fupi ya kupinga, taratibu, bila matusi, weka picha, baki na nakala yenye mhuri au hata picha ya nakala. Wakikata bila kukusikiliza kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, malalamiko kama haya muda wake ni siku 60 tangu jambo lilipotokea, na wakikufukuza kazi kwa sababu hiyo muda unashuka mpaka siku 30, kwahiyo usikae ukisema "ngoja nimalize tripu mbili kwanza". Nenda na mkataba na salari slipu kama zipo.

Lakini ningekuwa wewe nisingeanza na CMA. Ningeanza na bosi, na ningeenda na madereva wenzangu wanne watano, na nisingeenda kulalamika kwamba hatupokelewi simu, maana hilo bosi atamgeuzia yule mtu wa operesheni na mtagombana nyie wenyewe kwa wenyewe. Ningeenda na hesabu. Gari yangu ilisimama kuanzia saa 3 usiku mpaka mchana, fundi angechukua 180,000 usiku ule ule, badala yake tumepoteza nusu siku na lita kadhaa za dizeli, piga hesabu mwenyewe boss ipi ilikuwa rahisi. Alafu mpe kitu cha kufanya kisicho na gharama kubwa. Kampuni ya gari 14 haihitaji ofisi ya masaa 24, wanajidanganya wanaosema hivyo, inahitaji simu moja ndogo ya batani yenye laini ya kampuni, inaitwa simu ya zamu, wiki hii anakaa nayo huyu wa operesheni, wiki ijayo yule wa gereji, wiki ya tatu hata mhasibu. Namba haibadiliki. Anayeishika anapewa posho kidogo ya zamu, maana sheria yetu yenyewe inajua kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza yake, na mtu aliyelipwa kupokea anapokea. Na huyo wa zamu awe na hela kwenye simu na ruhusa ya kuitoa mpaka kiasi fulani bila kumuuliza bosi. Bila hiyo ruhusa mtakuwa mmenunua tu simu nyingine ya kuita bila kupokelewa.

Na nyie madereva mkubali upande wenu. Simu ya zamu ni ya gari kufa, ajali, polisi, siili, ugonjwa, boda imegoma. Posho, likizo, nani kapewa gari mpya, hizo ni za mchana. Kampuni moja tuliianzisha hiyo simu ikafa ndani ya mwezi, madereva waliigeuza kijiwe.

Kitu kimoja hukuuliza ila nakiongeza. Kuna simu za usiku zinazotoka ofisini kuja kwako, "mteja anasubiri, sogea sogea ufike Tunduma alfajiri". Kama macho yamegoma jibu kwa meseji, "nimechoka sio salama kuendesha, nalala Igawa naondoka saa 11 alfajiri". Sijawahi kuona bosi anayejibu kwa maandishi "hapana, endesha hivyo hivyo". Kwa mdomo wanasema, kwa maandishi hawathubutu.

Na safari ijayo, siku moja kabla ya kuondoka, gari ikiwa nzima kabisa iko yadi, piga hiyo namba uliyopewa saa 4 usiku. Usidanganye, sema tu "najaribu namba kabla sijatoka". Asipopokea hapo Dar, usitegemee atapokea ukiwa Nyololo, na asubuhi unayo sababu ya kuomba namba nyingine kabla hujawasha gari.

Lile la mawe na majani, trafiki alikuwa na haki ya kufoka ila sio kwa sababu mnayodhani. Matawi kwa dharura kila mtu anaweka, usiku bila kitu kinachong'aa hayaonekani vizuri, kwahiyo hiyo triango nzima moja ilitakiwa kwenda mbali nyuma ya gari, na kama kuna kona basi iwe kabla ya kona, sio baada, taa za hazadi ziwake muda wote betri inaporuhusu. Shida ni mawe. Umesema mliondoka mchana mmefurahi gari imepona, je mlirudi kuyatoa? Kama hamkuyatoa, mtu wa bodaboda anayepita pale usiku bila taa nzuri anayakuta ninyi mko Vwawa. Nunua triango mbili mpya, na hiyo risiti nayo peleka ofisini.